Barakoa za Dobi

Siku Mama Kibibi alipovua barakoa mbele ya mwanawe mchana kweupe, mtoto alipiga mayowe mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani kuna mtu kaungua.

“Kuna nini huku? Nani kaungua?”

“Hakuna,” alisema Mama Kibibi, kiganja kikiwa kimefunika pua na mdomo. “Ni mtoto tu. Kaniona.”

Jirani alitaka kucheka. Akangoja kile kiganja kishuke, hakikushuka, kicheko kikamfia kooni. Akasema mboga yake iko motoni, akaondoka bila hata kuaga vizuri.

Kibibi alikuwa kajibanza nyuma ya kapu la nguo, macho yamemtoka pima. Mama akapiga magoti, akanyoosha mikono. “Njoo, mama. Njoo kwa mama, njoo.” Sauti mtoto aliijua. Alitazama mlangoni, akatazama dirishani, akiitafuta inakotoka. Kisha akautazama tena uso ulio mbele yake na kuanza kulia upya, safari hii kilio cha chini, cha kuomba. “Mama,” alilia. “Mama.” Alikuwa anamwita mama yake aje amwondolee mtu huyu.

Mwanamke yule hakuweza kustahimili. Aliichukua barakoa mezani akaivaa. Mtoto akanyamaza papo hapo, akatoka nyuma ya kapu, akamkumbatia miguu, kisha akanyoosha kidole pale sakafuni kumwonyesha mama alipokuwa amepiga magoti yule mtu mbaya. Mama Kibibi aliitazama sakafu ile tupu.

* * *

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa zahanati. Alikwenda kwa sababu damu ilikuwa imeanza kupenya kwenye kitambaa, na mahali anapofanya kazi damu haina msamaha. Kiwanda chao kinafungasha maziwa ya unga ya watoto wachanga. Wanawake wanasimama bega kwa bega masaa kumi, kofia kichwani, glavu mikononi, barakoa ya kitambaa cheupe usoni, ili mate yao na pumzi zao visiingie kwenye maziwa ya watoto wa watu. Barakoa wanapewa mbili mbili, kila mtu anafua zake nyumbani, na kila asubuhi msimamizi, mama mmoja waliyembatiza Macho Manne kwa ajili ya miwani yake, anasimama getini kuzikagua. Yenye doa inarudi nyumbani na mwenyewe.

“Vua,” alisema muuguzi.

“Hapa hapa?”

“Sasa nitakutibu vipi, mama, nitabashiri?”

Akavua. Muuguzi yule alikuwa mtu mzima aliyeona mengi, lakini alikisogeza kiti nyuma kidogo. Kuanzia kwenye daraja la pua hadi chini ya kidevu, shavu hadi shavu, ngozi ilikuwa imepauka kama kidole kilichokaa sana majini. Kidevuni kulikuwa na chunusi zilizotunga usaha, pembe za mdomo zimechanika, juu ya pua kidonda kibichi. Lakini kilichomshtua muuguzi ni kingo. Zilikuwa zimenyooka, zimeshuka na kupanda kama alizipima fundi cherehani, na kila upande mstari mwembamba ulitoka pale ukapita shavuni kwenda sikioni. Alikuwa amevua barakoa, na bado alikuwa kaivaa.

“Ugonjwa huu una muda gani?”

“Zilianza chunusi tu. Nikasema joto. Kisha ikawa muwasho. Miezi minane hivi.”

“Na nyumbani wanasemaje?”

Nyumbani hawakusema kitu kwa kuwa hawakuona kitu. Kibibi alikuwa mchanga wa miezi mitatu mama aliporudi kazini, na mama alitoka mtoto hajaamka, akarudi jua likizama. Chunusi zilipoanza, aliona haya. Akawa haivui barakoa akifika nyumbani. “Nimechoka hata kuivua,” alimwambia mumewe, na mume akacheka. Alinyonyesha kaivaa. Alikula jikoni, kaupa ukuta uso wake. Aliivua taa ikishazimwa, akaamka wa kwanza kuivaa. Mumewe alizoea, maana watu huzoea lolote, na mtoto hakuwa na la kuzoea: kwake mama ndiye huyo, macho mawili juu ya kitambaa cheupe.

Muuguzi aliiokota barakoa kwa ncha za vidole, akaikunja, ikakatika mkunjo kama karatasi ngumu. Akainusa. Akapiga chafya mara mbili.

“Nani anafua hii?”

“Mume wangu.” Hapo uso wa Mama Kibibi ulichangamka hata kwa vidonda vyake. “Ni dobi. Anailoweka kwenye dawa ya kung’arisha, anaipiga sabuni, anaisuuza, anaitia wanga, halafu pasi ya mkaa. Kiwanda kizima hakuna barakoa nyeupe kama yangu.”

“Anaisuuza mara ngapi?”

“Mara moja. Anasema ukisuuza sana unaua weupe.”

Muuguzi akaiweka barakoa chini taratibu. “Sikiliza, mama. Dawa ile haitoki kwa maji ya mara moja. Inabaki ndani ya kitambaa. Wewe unapumua masaa kumi, kitambaa kinalowa, dawa inaamka, inakula ngozi. Na huo wanga unakwaruza palepale panapoliwa. Umenielewa?”

Alielewa.

“Kuna mtu mwingine anavaa za mumeo?”

“Wapo,” alisema polepole. “Wenzangu kumi.”

“Basi akaambiwe leo. Na wewe, siku kumi uso uwe wazi. Usifunike, usipake chochote ila mafuta haya. Nakuandikia cheti. Vidonda vikifunga, utarudi kazini na barakoa iliyofuliwa kwa maji na sabuni ya kawaida, basi.”

Siku kumi za kukaa nyumbani mchana, na Kibibi akiwa macho. Tangu mama arudi kazini hawajawahi kuzipata. Njiani, kaficha uso kwa mtandio, aliona hata ugonjwa una neema yake. Mtoto atamjua. Ndilo alilolitaka, na hakutaka lingine: ndani ya siku kumi mwanawe amjue kwa uso. Ndiyo akafika nyumbani, akavua mtandio na barakoa, na mnajua kilichotokea.

* * *

Mama Kibibi hakumwambia mumewe siku hiyo, wala ya pili. Alisema ni mzio. “Unga wa maziwa umenikataa,” alimwambia, na dobi akautazama ule uso mara moja, akatazama pembeni, akasema pole mke wangu, pole sana. Jioni hiyo alipiga pasi kwa kumgeuzia mgongo.

Tusimlaumu mke haraka. Huyu dobi alikuwa mtu aliyekwisha kufa moyo. Watu walikuwa wamenunua mashine, maofisi na nyumba za wageni zimeacha kumpa mashuka na mapazia, na kwa muda mrefu alikaa kibarazani na pasi baridi akijifanya anasubiri mteja. Kisha asubuhi moja Macho Manne akaiinua barakoa ya mkewe juu, mbele ya geti zima, akapaza sauti: “Mnaiona hii? Hivi ndivyo inavyotakiwa!” Wenzake wakamzunguka. Nani anakufulia, mwenzetu? Kesho yake mkewe akarudi na mfuko wa barakoa za wanawake kumi. Dobi aliwasha mkaa huku anapiga mluzi. Tangu hapo alitembea kifua mbele, akaanza tena kutania watu, akaanza tena kumwita mkewe majina ya uchumba. Sasa mwanaume kama huyo unamwambiaje kwamba mkono wake unakula nyuso za watu? Kila Mama Kibibi alipofungua kinywa, pembe za mdomo zilimchanika, akakifunga.

Na mtoto naye hakuambilika. Mama akiingia chumbani, Kibibi anatoka. Akimwekea uji, mtoto anangoja mpaka baba amlishe. Mama alijaribu kumnyonyesha kajifunika uso kwa kanga, akafaulu, lakini kanga iliposhuka kidogo mtoto aliliachia titi kama limemchoma. Alijikaza kisabuni mbele ya mumewe, akaenda msalani, akalia kwa kujiziba mdomo, na machozi yakamuuma usoni kama chumvi.

Siku ya tatu, saa za alasiri, alisikia Kibibi anaongea uani. Mtoto alikuwa na maneno machache, na hapo alikuwa akitumia moja tu. Mama akachungulia.

Uani dobi alikuwa ameanika. Barakoa kumi zilining’inia kwenye kamba, kila moja kwa kamba zake mbili, zimekakamaa kwa wanga, na upepo mdogo ulizigeuza zote pamoja upande huu, kisha zote pamoja upande ule. Kibibi alisimama chini yake, kidole juu, uso umemchangamka kuliko siku zote tatu. Alionyesha ya kwanza.

“Mama.”

Akapiga hatua. “Mama.” Akapiga hatua nyingine. Alikwenda nazo hivyo moja moja mpaka mwisho wa kamba, bila kuruka hata moja, kisha akaketi chini mavumbini akazitazama na kuzisubiri zimnyanyue.

Mama Kibibi aliingia ndani, akamkuta mumewe anapuliza mkaa. Alizungumza kabla ujasiri haujamtoka.

“Baba Kibibi, si mzio. Ni hii dawa yako ya kung’arisha. Muuguzi kasema. Inabaki kwenye kitambaa.”

Dobi hakugeuka. “Muuguzi gani?”

“Wa zahanati.”

“Anafua, huyo?”

“Baba Kibibi…”

“Nakuuliza, anafua? Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii! Nimefua mashuka ya hospitali, nimefua shela za maharusi, nimefua mashati ya watu wakubwa. Nani kababuka? Nitajie mmoja!”

“Shuka hulivuti puani masaa kumi.”

“Ndiyo umekaa na wenzako mkanizungumzia.”

“Hakuna mwenzangu anayejua. Hata wao sijui kama wana kitu. Tuko bega kwa bega mwaka mzima, sijawahi kumwona mtu uso. Mtu akila anainua kitambaa kidogo, anatia tonge, anashusha.”

“Basi hawana kitu! Ungesikia. Wanawake kumi wana kitu na kusisikike?” Alicheka kwa hasira. Akaenda kwenye rafu, akatwaa moja ya barakoa za mkewe, iliyotoka kwenye pasi wakati ule ule. “Hii hapa. Naivaa mimi. Siku tatu mfululizo, nikiwa kwenye mvuke wa pasi, usiseme nimekwepa. Nikibabuka, unikate mkono.”

“Usifanye hivyo, tafadhali.”

“Unikate mkono,” alirudia, na sauti ilitoka tayari imezibwa.

* * *

Dobi alipoipitisha kamba ya pili sikioni, Kibibi alikuwa anaingia kutoka uani, mavumbi matakoni. Mtoto alisimama mlangoni. Akamtazama baba yake, macho mawili juu ya kitambaa cheupe, na midomo ikaanza kumtetemeka kwa furaha.

“Mama!”

Alikimbia kwa hatua zake za kupepesuka, akampita mama yake aliyesimama pale pale hatua mbili, akamrukia dobi miguuni. “Mama, mama, mama.” Alimkwea mpaka akapakatwa. Akalaza kichwa kifuani pake, akaingiza mkono kwenye shati kutafuta titi. Alipogusa kifua kikavu chenye nywele aliuondoa mkono, akausubirisha kidogo, akaurudisha tena.

Dobi alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Alitaka kuivua, mtoto akaushika mkono wake na kuuzuia. Juu ya kichwa cha mtoto alimtazama mkewe, na mara ya kwanza tangu cheti kile kiandikwe aliutazama uso wake wote bila kukwepa. Mama Kibibi aligeuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Ungedhani angeivua hapo hapo. Hakuivua. Mwanaume akishaapa mbele ya mkewe ni mzigo kwa kila mtu. Siku mbili alipiga pasi kaivaa, mvuke unampanda, na siku mbili mtoto hakumbanduka. Mtu mzima yule akawa mama wa nyumba. Alimlisha, akamwogesha, akamlaza, na kila alipojisahau akaongea kwa sauti yake nzito, Kibibi alinyanyua kichwa kumtazama kwa mashaka, kama anayejaribu kukumbuka kitu. Basi dobi akaacha kuongea. Nyumba ikawa na watu watatu na hakuna sauti, ila pasi ikipumua juu ya kitambaa kibichi. Mama mwenyewe alikaa jikoni akawasikiliza. Siku hizo mbili, alikuja kusema baadaye, alijiona kama maiti iliyosahauliwa kuzikwa.

Siku ya kwanza ya kiapo dobi alijikuna juu juu ya kitambaa. Ya pili alikuwa anakwenda kwenye pipa la maji kila baada ya barakoa mbili, analowesha shingo, anarudi. Ya tatu, asubuhi, mkewe alimkuta kasimama mbele ya kioo kidogo cha kunyolea, kaivua.

Pua ilikuwa nyekundu. Kidevu kimetoka vipele vidogo vidogo, na kuzunguka vyote, hafifu lakini umenyooka, ulipita mstari.

“Siku mbili na kidogo,” alisema dobi. “Wewe miezi minane.”

“Ndiyo.”

“Na ulikuwa unaniletea mwenyewe. Kila jioni unaniletea, mimi naitia wanga, nakupa asubuhi, nakwambia vaa mke wangu uwakomeshe.” Akamgeukia. “Kwa nini hukuniambia inakuwasha?”

“Ulikuwa na furaha,” alisema Mama Kibibi.

Dobi aliketi kwenye kapu la nguo akashika tama. Kibibi aliamka, akatambaa kutoka kitandani, akamwona baba kavua na mama hana kitu usoni, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Hakulia safari hii. Alitoka nje akaenda kuangalia kwenye kamba. Kamba ilikuwa tupu.

* * *

Dawa yote ya kung’arisha dobi aliimwaga chooni. Wanga aliwapa kuku wa jirani. Barakoa zote kumi na mbili zilizokuwa nyumbani alizisuuza kwa maji matupu mara tano, mara sita, anainusa kila moja, anarudia, mpaka vidole vikamnyauka. Zilipokauka zilikuwa laini na zimenywea, na weupe wake si ule tena. Akazikunja akazitia kwenye mfuko, wala hakuzianika tena mahali mtoto anapoziona.

Nyumbani sasa hapakuwa na barakoa hata moja ya kuonekana, na Kibibi akaanza kumtafuta mama yake. Alitafuta chini ya kitanda. Alifunua sufuria. Alimwendea jirani, akamshika kanga, akamtazama usoni, akaiachia. Mtoto hakula vizuri, akakonda shavuni, na Mama Kibibi akaanza kuhesabu zilizobaki: tatu, kisha mbili.

Siku ya nane aliacha kumwendea. Alikuwa amechoka kukimbiwa. Alikaa chini ukumbini, kaegemea ukuta, akafumba macho na kuanza tu kuongea, hovyo hovyo, maneno aliyokuwa akimwambia akimnyonyesha zamani: nani kala uji wa nani, nani ana tumbo kama debe, nani atamkuna mama mgongo. Aliongea kwa muda mrefu. Alisikia nyayo ndogo, zikasimama. Akaendelea kuongea bila kufumbua macho. Akasikia pumzi ya mtoto karibu na sikio.

Kidole kimoja, chenye unyevu, kilimgusa chini ya jicho. Kikasimama pale ngozi nyeusi inapokutana na ile iliyopauka. Kisha kikaanza kwenda. Kilifuata ukingo ule taratibu, kikapanda daraja la pua, kikashuka shavu la pili, kikazunguka chini ya kidevu na kurudi kilikoanzia. Kikapita tena njia ile ile. Mara ya pili kiliacha ukingo, kikafuata ule mstari mwembamba kuelekea sikioni, kikaishika ndewe.

“Mama,” alisema Kibibi.

Mama Kibibi alifumbua macho. Mtoto alikuwa anacheka. Akampandia mapajani, akashika titi kwa mikono miwili, akanyonya huku kamtulizia macho usoni, na kidole chake hakikutoka pale kwenye ukingo. Kutoka mlangoni dobi aliwaona akalia waziwazi, hakujificha. Mkewe naye alilia, machozi yakamuuma, akayaacha yaume.

* * *

Siku ya kumi jioni walikwenda wote watatu getini. Dobi alikuwa amesema ataenda peke yake. Mkewe akamwambia, “Watakutoa macho, twende wote.” Alimbeba Kibibi kiunoni, uso wazi, mtandio mabegani tu. Njia nzima watu walimtazama, na yeye akawatazama.

Wafanyakazi walitoka kengele ilipolia. Wale kumi walimwona Mama Kibibi wakaanza kumjia mbio kumpa pole, kisha wakauona uso. Hatua zikapungua. Wakasimama mbali kidogo, nusu duara, barakoa usoni, macho tu juu ya vitambaa vyeupe vilivyokakamaa.

“Dada zangu,” alisema dobi. Alikuwa kashika mfuko kwa mikono miwili kama mtu anayeomba. “Huu uso wa mke wangu nimeufanya mimi. Na wangu, huu, mnaona. Ni dawa ninayofulia. Sikujua, lakini nimefanya mimi. Hizi nyingine nimezisuuza upya, na hizo mlizovaa nipeni nikazisuuze. Kama kuna mwenye…”

Macho Manne alipita pembeni na mkoba wake, akaona kundi, akaongeza mwendo. Kisha mmoja wao, mwanamke waliyemwita Mrefu, alipeleka mkono sikioni.

“Kumbe ni wewe,” alisema. “Mimi nimeacha mayai. Nimeacha pilipili. Nimemshuku wifi yangu kwamba kaniendea kwa mganga, mpaka leo hatusalimiani. Mume wangu kahamia chumba cha watoto. Kumbe ni pasi yako, dobi!”

Akaishusha barakoa. Uso wake ulikuwa ule ule. Pua hadi kidevu, shavu hadi shavu, umepauka, kingo zimenyooka, mistari miwili kwenda masikioni. Wa pembeni yake alimtazama, akatoa sauti ndogo kooni, akavua ya kwake. Kisha mwingine, kisha wote. Walikuwa wamesimama bega kwa bega mwaka mzima na kila mmoja alijua ni yeye peke yake. Walitazamana pale getini, sura kumi na sura moja, wakubwa kwa wadogo, wembamba kwa wanene, na ungesema ni mtu mmoja kasimama mara nyingi. Mmoja akaanza kucheka, akashindwa kuacha, mpaka ikabidi ashikwe.

Kibibi alinyanyua kichwa begani kwa mama yake. Aliwatazama kwa makini. Akamnyooshea kidole Mrefu.

“Mama.”

“Jamani, huyu kaniita mama,” alisema Mrefu, akitabasamu kwa uchungu wa pembe za mdomo.

Kidole kikasogea kwa wa pili. “Mama.” Kikasogea kwa wa tatu. Akaendelea nao mmoja mmoja, taratibu, bila kumruka yeyote, kwa sauti ile ile ya upendo. Dobi alikuwa anamsikia. Kila neno lilipotoka aliinamisha kichwa kidogo zaidi, na mtoto alipofika kwa wa kumi, mfuko ulikuwa umemponyoka chini. Kisha Kibibi akamgeukia aliyembeba, akamgusa ukingo wa shavu, akasema, “Mama,” vile vile, kama alivyowaambia wale.

Mama Kibibi alimbana mtoto kifuani mpaka akagumia.

“Usilie, dobi, si kifo,” alisema Mrefu, ambaye moyo wake haukuweza kukaa na hasira muda mrefu. “Nanyi msilie. Mimi nimekwishakwenda hospitali kubwa, niliwaficha tu. Daktari alisema nikiacha kinachoniunguza, rangi inarudi. Miezi sita, alama yote inafutika. Hata ukingo huuoni. Uso wako wa zamani unarudi, Mama Kibibi, ule uliokuja nao siku ya kwanza, kabla hujapewa barakoa. Ulikuwa mzuri, nakumbuka.”

Wanawake walishusha pumzi. Mmoja akasema asante Mungu. Wengine walianza kuulizana hospitali ni ipi, na dobi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

Mama Kibibi peke yake hakufurahi. Kidole cha mtoto kilikuwa bado kwenye shavu lake, kinapita kwenye mstari, kinarudi, kinapita tena.

“Unafutika wote?” aliuliza.

“Wote.”

“Huyu haujui uso wangu wa zamani,” alisema. Akakigeuza kichwa pembeni ili kidole kitoke, lakini kidole kikamfuata.